Palahala wa Mtaani: Namna ya Kupima Mchoro wa Mnyama Mjini Tabora

Mchoro wa mnyama uliowekwa mahali pa wazi, iwe kwenye ukuta wa duka au kwenye sanduku la chuma la nyaya za umeme, hupimwa kwanza kwa mnyama mwenyewe, ndipo rangi zake zitazamwe. Tabora, ambayo misafara ya karne ya 19 iliijua kwa majina ya Kaze na Unyanyembe, imezungukwa na miombo, yaani misitu ya miyombo na mininga inayopukutisha majani wakati wa kiangazi, na humo, hadi katika Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla iliyopata hadhi hiyo mwaka 2019, wanaishi palahala na korongo, swala wakubwa ambao mchoraji asiyewajua huwachanganya. Palahala dume ni mweusi mwenye tumbo jeupe, na pembe zake ndefu zenye pete hupinda nyuma kama mundu. Korongo, ambaye hapa si ndege, ana mwili wa kijivu chenye wekundu, pembe fupi zaidi na masikio marefu yenye vishungi. Ushahidi mkubwa u usoni: uso wa palahala ni mweupe uliokatwa na mstari mweusi, ilhali wa korongo ni mweusi wenye mabaka meupe. Mchoro unaokosea hapo ni dhaifu hata ukipendeza, kwa kuwa watoto wa mtaa watajifunza mnyama asiyekuwepo.

Kukuza umbo kunaruhusiwa. Edward Saidi Tingatinga (1932–1972), aliyeanza kuchora Dar es Salaam mnamo 1968 kwa rangi ya baiskeli juu ya mbao za dari, alimjaza mnyama mmoja katika uwanja wa rangi moja, na ndiyo maana picha zake husomeka kwa mbali. Mchoraji anaweza kurefusha pembe kupita kiasi, ila asiupotoshe mwelekeo wake.

Magharibi mwa nchi kuna mila ya zamani zaidi: Bayeye, chama cha wataalamu wa nyoka miongoni mwa Wasukuma, walichora nyoka, wanyama na watu ndani ya nyumba zao ili kuwafunza wanachama wapya, na mtafiti Hans Cory alichapisha kitabu juu ya michoro hiyo mwaka 1953. Kwa kuwa picha ilikuwa somo, kila umbo lilipaswa kutambulika, hata kwa rangi chache za udongo.

Juu ya chuma, maandalizi ndiyo roho ya kazi. Uso uliopigwa msasa na kupakwa rangi ya kuzuia kutu hustahimili mvua za Novemba hadi Aprili, lakini uliopakwa rangi juu ya kutu huvimba na kubanduka. Mkaguzi makini, basi, huinama kwanza kutazama bawaba na ukingo wa chini unaorushiwa tope, kisha huzunguka kona aone kama pembe ya mnyama imeendelea upande wa pili au imekatwa na mlango.