Ng'ambo ya Mji wa Unguja katika "Vuta N'kuvute"

Riwaya ya Bwana Adam Shafi iitwayo "Vuta N'kuvute", iliyotolewa mwaka 1999, aghalabu husomwa kwa njia mbili. Wako waisomao kama hadithi ya mapenzi, na wako waisomao kama hadithi ya siasa, ya watu waliopinga utawala wa Waingereza katika Unguja ya miaka ya 1950. Njia zote mbili ni za haki, kwa kuwa mtungaji mwenyewe amezisuka pamoja. Walakini iko njia ya tatu ambayo haijapewa haki yake. Riwaya hii ni habari ya mtu aliyeingia katika mtaa asioujua, akakaa humo hata akawa mwenyeji wake. Siku hizi mgeni afikaye Unguja huahidiwa kwamba ataonyeshwa mji kama auonavyo mwenyeji, na ahadi hiyo hutimizwa kwa matembezi ya saa mbili au tatu. "Vuta N'kuvute" yatoa kipimo kingine cha wenyeji, nacho ni kizito zaidi.

Kabla ya kuitazama riwaya yenyewe, yafaa kulitazama jina la mahali. Ng'ambo ni neno la mtu asimamaye upande mmoja wa maji na kuutaja upande wa pili. Mji wa mawe ulikuwa umekaa kwenye rasi, na hori la bahari liliutenga na nyumba za udongo na makuti zilizokuwa mashariki yake. Aliyeuita upande ule Ng'ambo alikuwa amesimama kwenye mawe. Hori lenyewe lilijazwa kifusi kidogo kidogo, na baada ya katikati ya karne ya 20 halikuwapo tena. Mahali pake pana barabara na viwanja. Hata hivyo jina halikuondoka, na watu wakaao huko hulitumia bila ya kuona haya. Pale palipokuwa na daraja paitwa Darajani mpaka leo, ingawa hapana daraja wala maji ya kuvukwa. Lugha imehifadhi kitu ambacho ardhi imekwisha kukisahau.

Neno mwenyeji nalo lina fundisho lake, kwa kuwa asili yake yaonekana wazi: ni mwenye mji. Sasa, watu wa Ng'ambo walikuwa wenye mji kwa maana gani? Wengi wao walikuwa wageni au watoto wa wageni. Walitoka mashamba, Bara na Visiwa vya Ngazija, na wengine walikuwa watumwa au wazao wa watumwa waliohamia mjini baada ya utumwa kupigwa marufuku mwaka 1897. Walijenga nyumba zao kwa mikono yao, lakini mara nyingi kiwanja kilikuwa cha mtu mwingine, nao walitakiwa kukilipia kodi. Mwaka 1928 watu wengi wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi hiyo. Basi hawa walikuwa wenyeji wasiokuwa na ardhi. Mji waliumiliki kwa kukaa, kwa kujuana na kwa kupatia mahali majina.

Majina hayo ni ushahidi unaostahili kupimwa na wataalamu wa lugha. Mengine yametokana na miti, nayo huanza kwa neno mwembe: Mwembeladu, Mwembetanga, Mwembeshauri. Mengine yametokana na mtu aliyejulikana na majirani zake, nayo huanza kwa kiungo kwa, kama vile Kwaalinatu. Mengine yataja hali ya mahali na kuishia kwa -ni: Vikokotoni palipo na vikokoto, Gulioni palipo na gulio. Lakini ukivuka na kuingia mji wa mawe utakuta Mkunazini na Mtendeni, majina yaliyoundwa kwa kanuni ile ile, ya mti na ya -ni. Ramani za utawala zilionyesha miji miwili, mmoja wa mawe na mmoja wa udongo. Majina ya mitaa yaonyesha mji mmoja, uliotajwa na vinywa vya watu wa lugha moja. Mgawanyiko ulikuwa katika sheria, katika mali na katika rangi. Katika lugha haukuwamo.

Hapa ndipo riwaya inapopata nguvu yake. Yasmin ni msichana wa Kihindi aliyeozwa mume aliyemzidi sana umri. Anaikimbia ndoa hiyo, jamaa zake wanamkataa, naye anapata hifadhi kwa rafiki yake Mwajuma, mwanamke wa Kiswahili aishiye Ng'ambo. Kwa miguu, safari hiyo ni fupi mno. Kwa desturi za wakati ule ni safari ndefu kuliko ya baharini, kwa sababu msichana wa jamii yake hakutazamiwa kulala upande ule, seuze kuishi. Mtungaji ameelewa kwamba umbali wa mji haupimwi kwa hatua. Ameupima kwa milango: ule uliofungwa mbele ya Yasmin kwa watu wake mwenyewe, na ule uliofunguliwa kwa mtu asiyekuwa wa nasaba yake.

Jambo la kusifiwa ni kwamba Bwana Adam Shafi hakumfanya Yasmin mtazamaji. Mwandishi dhaifu angalimpitisha msichana huyu vichochoroni, akamwonyesha wauza kahawa, mabaraza na milango ya nakshi, kisha akamwachia msomaji orodha ya vitu. Katika riwaya hii mtaa hujulikana kwa yale yampasayo mtu kuyatenda ndani yake. Mahali pa kulala ni pa kuazimwa, chakula ni cha kugawana, na taarabu haisikilizwi kwa mbali bali huingiwa. Yasmin ajifunza Ng'ambo kama mtoto ajifunzavyo lugha, kwa kutumia kabla ya kuelewa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu wengi huidhania methali hiyo kuwa ni ya kumfukuza mgeni. Maana yake iliyo bora ni kwamba jembe ndilo limtoalo mtu katika ugeni, kwa kuwa asiyepewa kazi hajapewa mahali.

Mtihani mkubwa waja kwa njia ya siasa. Denge, kijana aliyesoma Urusi na kurejea kuupiga vita utawala wa kikoloni, anawindwa na askari wa serikali, na hao wanataka kumtumia Yasmin ili wamnase. Msichana anakataa kumsaliti. Wasomaji wengi wameliona tendo hilo kuwa ni ushahidi wa mapenzi, nalo ni hivyo bila shaka. Lakini ni ushahidi wa wenyeji pia. Mtu huwa wa mtaa siku anapokuwa na siri ya mtaa mikononi mwake na asiiuze. Mgeni aweza kujifunza njia zote, aweza kuamkia vizuri na kubisha hodi kwa adabu, na bado akabaki mgeni, kwa sababu hapana mtu aliyemwamini kwa jambo ambalo lingeweza kumdhuru mwaminiji. Kipimo hiki hakimo katika kitabu chochote cha kuongoza wasafiri, wala hakiwezi kuwamo.

Pamoja na sifa hizo, riwaya ina upungufu mmoja usiofaa kufichwa. Ng'ambo yake huonekana zaidi kwa upande wa anayepokewa kuliko kwa upande wa wanaopokea. Mwajuma ni mmoja wa watu walioumbwa kwa uhai mkubwa katika fasihi ya Kiswahili. Ana ulimi, ana moyo, ana raha yake. Lakini msomaji atakaye kujua nini kilichomgharimu Mwajuma kumweka nyumbani msichana aliyekataliwa na watu wake, itambidi akisie mengi. Ukarimu usioonyeshwa gharama yake waelekea kufanana na tabia ya kuzaliwa, kana kwamba watu maskini ni wakarimu kama mwembe ulivyo na kivuli. Sivyo. Katika mtaa ambamo hata kiwanja ni cha mwingine, kumkaribisha mtu ni uamuzi, tena uamuzi wa ushujaa. Riwaya yaujua ukweli huo, lakini mara nyingi hupita juu yake kwa haraka ya kumfuata Yasmin.

Upungufu huo waonekana vizuri zaidi ukikumbukwa wasifu wa Siti binti Saad ulioandikwa na Shaaban Robert. Siti naye alikuwa mgeni mjini. Alitoka Fumba, akauza vyungu, akakaa Ng'ambo, na sauti yake ikawa sauti ya mtaa wenyewe hata ikafika Bombay iliponaswa katika sahani za santuri mwaka 1928. Katika habari za Siti, aliyekuja ndiye aliyegeuka kuwa mpokeaji. Watu walimwendea yeye. Yasmin na Siti, mmoja wa riwaya na mmoja wa kweli, wathibitisha jambo moja: Ng'ambo haikuwa na wenyeji wa asili waliowangojea wageni. Ilikuwa mahali pa kuwafanya wageni kuwa wenyeji, na hiyo ndiyo kazi yake kubwa katika historia ya Unguja.

Suala hili si la riwaya peke yake. Mwaka 2000 Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia, na mawe yake yakapata walinzi. Sehemu kubwa ya Ng'ambo ya kale ilikuwa imekwisha kubomolewa baada ya Mapinduzi ya 1964 ili kupisha majumba marefu ya Michenzani, yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki. Watu walipata nyumba za kudumu, na hilo si jambo la kubezwa. Lakini udongo na makuti havikuacha magofu ya kuonyeshwa. Filamu iliyoongozwa na Amil Shivji mwaka 2021 kutokana na riwaya hii iliwarudishia watazamaji sura fulani ya zama zile. Hata hivyo picha huonyesha mtaa, na haiwezi kuutaja kwa jinsi lugha inavyoutaja.

Kwa hiyo, Ng'ambo imebaki katika majina, katika adabu za mlango, katika methali na katika vitabu vichache. Majina ya mitaa midogo yapasa kukusanywa pamoja na visa vyake maadamu wako wazee wanaovijua, kwa kuwa mwembe ukikatwa jina laweza kudumu, bali sababu ya jina hufa na wazee. Na atakaye kutembea Ng'ambo kama mwenyeji, aisome kwanza "Vuta N'kuvute". Haitamwonyesha njia ya kupita, ila itamwuliza ni mlango gani uliowahi kufunguliwa kwa ajili yake, na ni siri ya nani aliyoitunza.