Desturi za Waswahili na Mwanafunzi wa Elimu ya Jamii

Kitabu cha Desturi za Wasuaheli, kilichopigwa chapa Göttingen mwaka 1903 kwa jina la Carl Velten, kimetumiwa kwa muda mrefu kama ghala. Mwanahistoria huingia akachukua habari za utumwa. Mtaalamu wa lugha huokota maneno yaliyokwisha potea. Na mwanafunzi wa elimu ya jamii, afikapo mwaka wa pili au wa tatu wa chuo kikuu, hukata kipande cha ndoa au cha pepo akakitia katika insha yake, ili kithibitishe jambo ambalo amekwisha kuliamua. Matumizi hayo ni duni kwa kitabu cha namna hii.

Sehemu kubwa ya maneno yake ilitoka kwa Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Mrima aliyekaa Bagamoyo, ambaye mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili. Miaka mitano kabla ya safari hiyo, yaani mwaka 1895, Émile Durkheim alikuwa ametoa kitabu chake cha kanuni za elimu ya jamii, akafundisha kwamba mambo ya jamii yako nje ya mtu mmoja mmoja, nayo humshurutisha. Mtoro hakuandika nadharia. Lakini aelezapo kwamba mtumwa zamani hakuvaa kofia wala viatu mbele ya waungwana, wala kanzu ya kumfunika miguu, na kwamba kila mtu alimwita mwinyi, ametoa mfano ambao mwalimu wa somo hilo hana haja ya kuutafuta Ufaransa. Shurutisho lote limo katika kofia.

Taabu huanza kwenye neno moja dogo: zamani. Kanuni inayosimuliwa kwa neno hilo ni kanuni iliyokwisha legea, na aliyeilegeza hakutajwa. Mahali pengi kitabu hakina hata neno hilo, bali kina kiambishi cha hu-: watu hufanya hivi, watu husema vile. Yafaa mwanafunzi akae hapa kwa muda, maana kiambishi hiki hakichukui nafsi wala wakati. Chaweza kuwa na maana ya kwamba jambo hutendeka kila siku. Au kwamba lapasa kutendeka. Au kwamba hutendwa na watu wenye heshima zao, na wasiolitenda hawahesabiwi. Sarufi yenyewe imewasitiri waliobishana.

Na mabishano yalikuwapo. Jonathon Glassman, katika kitabu chake Feasts and Riot cha mwaka 1995, alionyesha jinsi karamu na ngoma za miji ya pwani hii, katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, zilivyokuwa uwanja wa kugombea cheo: wageni wa bara, watumwa na watu wadogo wa mji walidai nafasi yao kwa njia hizo hizo ambazo wenye mji walizitumia kuwazuia. Asomaye Glassman kisha akarudi kwa Mtoro ataziona hu- zake kwa jicho jingine. Nyingi ni madai ya upande mmoja, yaliyosemwa kwa utulivu wa mtu asiyetaka kukatizwa.

Jambo hili si la wazee waliokwisha kufa tu. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho aendapo Temeke au Kisauni kukusanya habari za tasnifu yake, huuliza kwa Kiswahili akaandika kwa Kiingereza. Mama akimjibu kwamba mahari hulipwa kabla ya nikahi, jibu hilo huingia katika daftari kama tendo lililothibitishwa, hali ya kuwa huenda mama alikuwa akimlaumu mkwewe. Kosa hili halisahihishwi kwa kuongeza idadi ya watu waulizwao. Mia wakijibu kwa hu-, hu- itakuwa mia. Dawa yake ni swali la pili: nani, lini, na asipolipa huwaje? Vitabu vya mbinu za utafiti vilivyoandikwa kwa lugha nyingine haviwezi kulifundisha swali hilo kwa uzito wake.

Kitabu kina mipaka mingine, nayo yaweza kutajwa kwa ufupi. Anayesema ni mwanamume, na habari za unyago wa wasichana zilimfikia kwa njia asiyoieleza. Anayesema pia ni mtu aliyesoma, wa mji mmoja, hali jina la Waswahili katika anwani limetandazwa pwani nzima.

Tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen, iliyotoka mwaka 1981, ilimrudishia Mtoro haki yake, miaka 78 baada ya chapa ya kwanza: jina lake limewekwa katika anwani, na baada yake yamefuata maneno yenye maana ya “na Waswahili wengine”. Hao wengine ni nani, na ni kurasa zipi zilizo zao? Hiyo ingekuwa tasnifu nzuri ya mwaka wa tatu, nayo ingeandikika kwa Kiswahili.