Ufa wa Utah Ulianzia Mbali na Kikapu

Tarehe 18 Juni 2021, Utah Jazz walikwenda mapumziko wakiongoza 72 kwa 50 ugenini dhidi ya Los Angeles Clippers. Walikuwa na rekodi bora ya msimu mzima wa NBA, ushindi 52 na vipigo 20, na senta wao Mfaransa, Rudy Gobert, alikuwa ametoka kutajwa mlinzi bora wa mwaka kwa mara ya tatu. Clippers walimkosa Kawhi Leonard, aliyeumia goti. Hata hivyo mchezo uliisha 131 kwa 119, na Utah wakaaga mashindano ya mtoano.

Tangu usiku ule imekuwa ikirudiwa kwamba zama za senta mkabaji zimepita. Siikubali hoja hiyo, na ushahidi umo ndani ya mchezo wenyewe.

Kocha wa Clippers, Tyronn Lue, alipanga watupaji watano bila senta wa asili. Nicolas Batum na Marcus Morris, ambao ni mafowadi, waligawana kazi ya mrefu. Gobert akapewa jukumu la kumkaba Terance Mann, aliyesimama kona. Kisha Reggie Jackson au Paul George anampita mkabaji wake kwenye mstari wa pointi tatu na kushuka kikapuni. Hapo Gobert abaki na Mann, mwenye mpira afunge bila kusumbuliwa. Au aingie kati kuziba njia, pasi iende kona. Aliingia, kama senta yeyote mzuri anavyofundishwa. Mann alifunga pointi 39, akitia mitupo 7 kati ya 10 ya pointi tatu.

Wengi walimwona Gobert akichelewa kufika kona. Rudisha picha nyuma kidogo, utamwona gadi aliyepitwa. Kati ya magadi wa Utah, Donovan Mitchell alicheza na kifundo kinachouma, na Mike Conley ndiyo kwanza alikuwa anarejea baada ya kuumia msuli wa paja. Kila mmoja wao alipopitwa, Gobert alibaki na watu wawili, mmoja kikapuni na mwingine kona, umbali wa karibu mita 7. Hakuna urefu wa mikono unaotosha hapo.

Mwaka 1994 mzigo huo ulikuwa mwepesi zaidi. Dikembe Mutombo, mzaliwa wa Kinshasa, alizuia mitupo 31 katika michezo mitano, na Denver Nuggets iliyoingia mtoano ikiwa ya nane ikaitoa Seattle iliyokuwa ya kwanza. Wakati ule timu ilitupa takriban mitupo 10 ya pointi tatu kwa mchezo. Mwaka 2021 ilikuwa karibu 35. Hatari nyingi ilimfuata Mutombo pale pale alipokuwa. Gobert alilazimika kuifuata.

Sasa tazama msimu wa 2023/24. Gobert yule yule, akiwa Minnesota Timberwolves, alikuwa na Jaden McDaniels na Anthony Edwards mbele yake, watu wasiopitika kirahisi. Minnesota ikawa na ulinzi bora wa ligi, yeye akachukua tuzo ya nne, na mabingwa watetezi Denver wakatolewa katika mchezo wa saba. Mchezo wa pili wa mfululizo huo Minnesota iliushinda kwa tofauti ya pointi 26 bila Gobert kabisa, jambo linaloonyesha uzito wa wakabaji wa mbele. Mpaka wa Gobert nao ulionekana raundi iliyofuata, Luka Dončić, wakati huo wa Dallas, alipomvuta hadi nje na kumtupia pointi tatu za ushindi.

Kwa hiyo timu inamhitaji senta mkabaji, kwa sharti kwamba afute kosa la mara moja moja. Kocha anayemtafuta aanze kwa kuhesabu magadi wake wanapitwa mara ngapi katika mchezo mmoja. Wakipitwa kila shambulizi, senta atabebeshwa lawama isiyo yake. Wakipitwa mara chache, atakuwa mchezaji wa thamani kubwa kuliko wote kikosini.