Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Sauti za Wengi katika Medúlla

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Kauli hii hutamkwa mlangoni, na aghalabu hutamkwa kwa adabu tu, bila ya kupimwa. Lakini anayealika wageni wengi kwa mara moja hana budi kuipima. Je, amewaita ili wakae barazani na wasikike, au amewaita wamchotee maji na wamkatie kuni? Swali hilo ndilo linalofaa kuulizwa mbele ya Medúlla, albamu ya Björk, mwimbaji na mtunzi wa Iceland, iliyotoka mwaka 2004.

Albamu hii ina nyimbo 14, na takriban kila kinachosikika ndani yake kimetoka kooni na kinywani mwa binadamu. Vinubi na nyuzi vilivyoipamba Vespertine, albamu yake ya mwaka 2001, vimewekwa kando. Ala zilizobakia ni chembe tu, kama piano inayopita katika wimbo wa "Ancestors". Jina lenyewe ni la Kilatini, na maana yake ni uboho: kile kilichojificha ndani ya mfupa. Ili kuufikia uboho huo, Björk aliwaita wengi. Wamo Tanya Tagaq, Muinuiti wa kaskazini ya Kanada, Robert Wyatt wa Uingereza, Mike Patton na Rahzel wa Marekani, Dokaka wa Japani, Shlomo wa London, Gregory Purnhagen, na kwaya mbili, moja ya Iceland na moja ya London.

Kwa mpenzi wa ushairi wa pwani, sauti tupu si jambo geni. Utenzi hughaniwa bila ya chombo chochote, na anayeughani hubeba mamia ya beti kwa pumzi zake mwenyewe. Katika duara za dhikri, ambazo ni ibada wala si burudani, pumzi yenyewe hushika mapigo. Kwa hivyo upya wa Medúlla hauko katika kuziondoa ala. Upo katika kuzikusanya sauti za asili mbalimbali, kisha kuzikata na kuzipanga upya kwa kompyuta. Na hapo ndipo penye hatari yake. Sauti ya mtu ikishakatwa vipande huweza kugeuka malighafi. Hutiwa mahali popote, hurudiwa mara mia, na mwenyewe akawa hayupo tena.

Hatari hiyo imeingia kweli katika baadhi ya nyimbo. Katika "Where Is the Line", kwaya inasukumwa huku na huko, midomo inapiga ngoma kwa kishindo, na neno linazama. Wageni hapa wamepewa jembe kabla hata ya siku mbili za ugeni kwisha. Rahzel ni fundi mkubwa wa kupiga ngoma kwa mdomo, lakini ufundi wake ukitumika kuijaza tu nafasi iliyoachwa na ngoma, msikilizaji ana haki ya kuuliza kwa nini ngoma yenyewe haikuletwa. Si hivyo katika "Triumph of a Heart", wimbo wa mwisho. Humo Purnhagen anaigiza tromboni kwa kinywa, Dokaka na Rahzel wanajibizana naye, na uigaji umekuwa mchezo wa wazi wenye kicheko. Uigaji unaojitangaza hauna udanganyifu, na wageni wanasikika kuwa ni watu.

Haki pia yataka isemwe kwamba mwenyeji hakujibakiza. "Desired Constellation" umejengwa juu ya kipande kidogo cha sauti ya Björk mwenyewe, kilichochukuliwa kutoka wimbo wake wa awali, "Hidden Place", kikavurugwa mpaka kikawa mfano wa nyota zinazometameta. Aliyowatendea wageni amejitendea na yeye. Hilo linapunguza lawama, ingawa haliiondoi, maana mwenye nyumba akijikata kidole amekata chake.

Pale alipowapa wageni nafasi, albamu inapanda daraja. Katika "Submarine" anaimba Robert Wyatt, ambaye aliwahi kuwa mpiga ngoma wa kundi la Soft Machine, na ambaye mwaka 1973 alianguka kutoka dirishani na kupooza miguu. Sauti yake ni nyembamba, ya juu, yenye huzuni isiyoomba huruma. Inawekwa tabaka juu ya tabaka, na Björk anaingia ndani yake kama aingiaye majini, polepole. Hapa mwenyeji ameinama ili mgeni apite.

Kilele cha ukarimu huu ni "Ancestors", na huenda ndio wimbo unaorukwa na wengi. Hauna hata neno moja. Ni Björk na Tanya Tagaq, pumzi kwa pumzi, na piano iliyosimama mbali. Ili kuuelewa yafaa kujua asili ya sanaa ya Tagaq. Wainuiti wa kaskazini ya Kanada wanayo katajjaq, uimbaji wa kooni unaochezwa na wanawake wawili. Husimama uso kwa uso, mmoja akatoa mlio na mwenziwe akaujaza upenyo wake, pumzi ikiingia na kutoka kwa kasi, na anayekatika pumzi au kucheka kwanza ndiye aliyeshindwa. Wamisionari waliukemea mchezo huo, na ukakaribia kunyamazishwa. Tagaq alijifunza akiwa mbali na kwao, bila ya mwenzi wa kusimama naye, na kwa sababu hiyo akabuni njia ya kuimba peke yake sanaa iliyoumbwa kwa ajili ya watu wawili.

Ukijua hayo, "Ancestors" hausikiki tena kuwa ni mlundikano wa milio. Unasikika kuwa ni mtu aliyezoea kuimba peke yake, akipata mtu wa kusimama mbele yake. Björk hamwigi Tagaq, wala hajifanyi Muinuiti. Anajibu kwa koo lake mwenyewe, pengine kwa kusitasita, pengine akiachwa nyuma. Nyumba ni yake, na bado ndiye anayefuata.

Na mashairi je? Mawili yamealikwa pia, nayo yanastahili kuhesabiwa miongoni mwa wageni. "Vökuró" ni shairi la Jakobína Sigurðardóttir, lililotiwa sauti na Jórunn Viðar. Wanawake hao wawili wa Iceland walizaliwa mwaka mmoja, 1918. Jina la shairi laweza kufasiriwa kuwa "utulivu wa kukesha", nalo linasimulia makazi madogo yaliyolala kwa amani ilhali mbali huko ulimwengu mkubwa uko macho na haujatulia. Björk hakulikata wala hakulipamba. Ameliimba kwa Kiaislandi pamoja na kwaya, kama lilivyo, na hata asiyejua lugha hiyo husikia mizani yake ikitembea kwa miguu mizima. Vivyo hivyo soneti ya E. E. Cummings, iliyotoka kitabuni mwaka 1923, ambamo mpenzi anajiandaa kumpoteza ampendaye na kumtakia heri yule atakayempata. Kwaya inakaa chini ya maneno kama jamvi, na maneno ndiyo yanayokaliwa.

Pwani yetu inalijua vyema jambo la mashairi yanayosafiri kwa sauti za wengine. Nyimbo ngapi za taarabu zinapendwa kwa jina la mwimbaji, na aliyezitunga hatajwi? Jakobína alifariki mwaka 1994, miaka kumi kabla ya albamu hii. Wengi nje ya kisiwa chake waliisikia kazi yake kwa mara ya kwanza kinywani mwa Björk. Ni heshima kubwa, kwa sharti kwamba msikilizaji asome kijitabu cha albamu na alishike jina la aliyetunga. Sanaa ya wengi inayobeba jina moja usoni humdai msikilizaji kazi hiyo ya ziada.

Zaidi ya miaka ishirini imepita, na kipimo cha ukarimu ni hali ya mgeni baada ya kuondoka. Tagaq hakubakia kuwa rangi katika picha ya mwingine. Mwaka 2005 alitoa albamu yake ya kwanza, Sinaa, na mwaka 2014 albamu yake Animism ikatwaa tuzo ya Polaris ya Kanada. Aliingia na koo lake na akatoka nalo.

Medúlla si kazi isiyo na dosari. Pale ilipowajaza wageni chumba kimoja, ilipoteza neno na ikampoteza mtu. Pale ilipomwachia mgeni kiti, aliyepona ni mwenyeji. Waliozisikiliza nyimbo za makelele wakaiacha, na warejee katika zile nne tulivu: "Vökuró", "Submarine", soneti ya Cummings, na "Ancestors". Uboho umo humo.