Jamani, Mmeiona Mikono ya M51?

Nilianza kuifungua kwenye simu, bando likakata katikati. Nikanunua jingine hapo hapo, na sijutii hata senti! Picha ya galaksi M51 iliyopigwa na darubini ya James Webb na kutolewa Agosti 2023 si ya kutupia jicho ukapita. Mikono miwili inachomoka kitovuni, inajipinda, inazidi kutanuka, inazunguka tena, mpaka kidole kinachoka kusukuma skrini.

Ikuze. Nyuzinyuzi za rangi nyekundu iliyoiva ni vumbi lenye joto. Madoa ya njano na machungwa katikati yake ni gesi inayowashwa na nyota zilizozaliwa juzi (juzi ya mbinguni, msinikamate). Sasa iweke kando ya picha ya darubini ya Hubble ya 2005. Kule vumbi hilo hilo ni michirizi myeusi iliyong'ang'ania ukingo wa ndani wa mkono, na vishada vya waridi vya nyota changa vimesogea nje kidogo. Kilichokuwa kiza, Webb imekigeuza makaa ya moto!

Na kule kusogea kidogo ndiko kulikoninyima usingizi. Nyota za ndani humaliza mzunguko wao mapema kuliko za pembeni. Mikono ingekuwa kamba ya nyota zile zile, ingeshajisokota zamani kama uzi kwenye bobini ya cherehani. Mbona haijajisokota? Mwaka 1964 wanasayansi C. C. Lin na Frank Shu walieleza kwamba mkono ni wimbi, yaani msongamano kama foleni ya barabarani: magari yanaingia na kutoka, foleni iko pale pale. Gesi inaingia, inabanwa, nyota zinazaliwa, zinatokea upande wa pili. Inadhaniwa pia kwamba mvuto wa jirani mdogo wa M51, galaksi NGC 5195, umesaidia kuikoleza mikono hiyo.

Dosari? Rangi zimetiwa, kwa kuwa Webb hupiga kwa mwanga wa infraredi, ambao macho yetu hayauoni. Nimesamehe, maana umbo ni la kweli. Mwaka 1845, kule Ayalandi, mwanafalaki Lord Rosse aliichora mikono hii kwa mkono wake, akiwa na darubini ya kioo chenye upana wa mita 1.8, na umbo alilipatia.

Pakua faili kubwa, tafuta skrini pana, zima taa. Anzia kitovuni, ufuate mkono mmoja hadi mwisho.