Sauti ya Pili ya Akina Kinyonga

Anayeimba sauti ya pili hukumbukwa na wachache. Ibada ikiisha, watu hurudi nyumbani wakipiga mluzi wa sauti ya kwanza. Songea tunalijua hili vizuri kwa sababu huu ni mji wa kwaya. Ukipita karibu na Kanisa Kuu la Mtakatifu Mathias Mulumba Kalemba jioni ya mazoezi, utamsikia mwalimu akiwanyamazisha wote, akiwabakiza wa sauti ya pili warudie mstari mmoja mpaka ukae. Ukiusikia peke yake hauna mvuto: noti mbili tatu, zinapanda kidogo, zinashuka kidogo. Wa sauti ya kwanza wakiingia juu yake, wimbo unasimama.

Nawasikiliza Wilson Peter Kinyonga na nduguye George kwa sikio hilo la kwaya, na yeyote anayeniuliza aanze na muziki gani wa zamani namwelekeza kwao kwanza. Hawa ni watu wa Tanga, Tanga ya baharini, si Tanga yetu ya stendi ya mabasi hapa Songea. Walipitia Jamhuri Jazz huko kwao, mwaka 1970 wakahamia Arusha, na mwaka uliofuata wakavuka mpaka kwenda Mombasa, ambako bendi yao ilipata jina la Simba Wanyika. Baada ya miaka michache walikuwa Nairobi. Wanamuziki wengi wa Tanzania walishika njia hiyo. Kwetu hakukuwa na kiwanda cha santuri; bendi zilirekodi Redio Tanzania, wimbo ukapigwa hewani, basi. Nairobi wimbo ulitoka kwenye santuri, ukauzwa dukani, ukawekwa kwenye gramafoni ya mtu nyumbani kwake.

Waimbapo pamoja, mmoja akiwa kwenye so, mwenzake yuko mi. Huyu akipanda la, yule anapanda fa. Hayo hata kwaya ya watoto huyaweza. Kazi iko mwishoni mwa mstari. Sikiliza wanavyoifunga silabi ya mwisho: wanaiacha kwa pumzi moja, hakuna anayechelewa ili asikike yeye. Hawapigi kelele wala hawatetemeshi koo. Maneno yao ni Kiswahili cha Tanga, kila irabu imetamkwa ikakamilika, na ndiyo maana mtu wa Mbinga, wa Mombasa na wa Bukavu wote wanaelewa kinachosemwa mara ya kwanza tu.

Magitaa nayo yana sauti yao ya kwanza na ya pili. Solo anasema, na ridhimu anajibu kwenye nafasi aliyoachiwa. Wanapishana kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja, mchi wa huyu ukipanda wakati wa mwenzake unashuka, na hawagongani. Chini yao besi haikimbii. Inapiga noti chache, inanyamaza, inapiga tena, na kule kunyamaza ndiko kunakomfanya mchezaji ayumbishe bega. Bendi za Kongo zilipofika kwenye sebene, ile sehemu ya magitaa ya kuchezea, ziliongeza kasi. Simba Wanyika mara nyingi walibaki na mwendo uleule, wakaachia magitaa na saksafoni nafasi ya kuzungumza. Kwa maoni yangu hapo walikuwa na ujasiri mkubwa kuliko wenzao, maana kuwabakiza watu ukumbini bila kuwaharakisha kunataka mpigaji anayeamini kila noti yake.

Anza na Mwongele. Usikilize mara moja kwa ajili ya waimbaji, halafu urudie ukilifuata gitaa la ridhimu peke yake, kama mwalimu wa kwaya alivyowatenga wale wa sauti ya pili. Baada ya hapo nenda kwenye Haleluya. Jina ni la kanisani, wimbo ni wa dansi, na waimbaji wengi wa kwaya ninaowafahamu hapa mjini wanaupenda bila kuona haya. Shilingi na Dunia Haina Wema ni za wakati wa usiku, kazi zikiisha. Nyimbo nyingi za enzi hizo ziligawanywa pande mbili za santuri, upande wa kwanza maneno, upande wa pili magitaa yakiendelea. Anayekupa nusu ya kwanza tu amekunyima utamu. Umalize na Pepea, ya albamu ya jina hilo iliyotoka Uholanzi mwaka 1992. Humo kila chombo kinasikika mahali pake, na sikio lisilozoea linaweza kuyatenganisha magitaa bila taabu.

Utaona sikuitaja Sina Makosa. Wimbo huo ni mzuri mno, ila si wao. Mwaka 1978 baadhi ya wapigaji, akiwemo Omar Shabani wa gitaa la ridhimu, waliondoka Simba Wanyika wakaunda Les Wanyika, na mwaka uliofuata ndio wakatoa Sina Makosa. Kumpoteza mpiga ridhimu wa namna ile kungeweza kuiua bendi yoyote. Ndugu hawa wawili walibaki, wakajenga upya, wakaendelea kutoa nyimbo kwa zaidi ya miaka kumi.

Huku kwetu santuri zao hazikufika kwa urahisi. Mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa mwaka 1977 na kufunguliwa mwaka 1983, na mwanzoni mwa miaka hiyo hata lami ya kutoka Makambako ilikuwa bado haijafika Songea. Vijana wawili wa Tanga walikuwa wakiimba Kiswahili chetu ng'ambo ya mpaka uliofungwa. Nadhani ndiyo sababu wengi hapa wanadhani ni Wakenya. George alifariki Desemba 1992, Wilson akamfuata mwaka 1995, na bendi ikaishia hapo.

Kwa hiyo nina ombi kwa watangazaji wa redio za hapa Ruvuma wanaotupigia zilipendwa Jumapili mchana. Msiseme tu kwamba ni wimbo wa zamani kutoka Nairobi. Semeni ni Simba Wanyika, ya Wilson na George Kinyonga wa Tanga, na mkipiga Sina Makosa semeni ni Les Wanyika. Na tafadhali, msiukate wimbo kabla magitaa hayajamaliza.