Biti Moja Kati ya Kubwa na Ndogo

Mwandishi wa programu wa leo akitaka kugeuza "a" iwe "A" huita amri iliyokwisha kuundwa na wengine, kisha akaendelea na shughuli zake. Hana kosa, ila chini ya amri ile umefukiwa ustadi ambao sasa wachache wanaujali. Msimbo wa ASCII, unaoipa kila herufi namba yake, ulipotolewa Marekani mwaka 1963 haukuwa na herufi ndogo. Ziliingia katika toleo la 1967. Waundaji wake wangeweza kuzipanga mara tu baada ya Z, tofauti ikawa 26, na kila ugeuzaji ungedai hesabu. Hawakufanya hivyo. A ilikuwa 65, wakaipa a 97. B 66, b 98. Vivyo hivyo hadi mwisho, tofauti ikiwa 32 daima. Ziandike kwa sifuri na moja uone walichokikusudia: 65 ni 01000001, 97 ni 01100001. Kilichobadilika ni biti moja, yaani tarakimu moja kati ya hizo nane, ya sita kutoka kulia. Ikiwashwa, yaani ikiwa 1, herufi ni ndogo. Ikizimwa, ni kubwa. Hakuna kujumlisha, wala jedwali la kupekua. Hata ukiiwasha kwenye tarakimu au nafasi tupu hakiharibiki kitu, kwani huko imewaka tayari. Huo ndio ufundi: kumrahisishia kazi mtu usiyemjua, atakayekuja miaka mingi baadaye na asikushukuru.

Watasema mbinu hii ni ya hatari. Ni kweli, na Kiswahili kina ushahidi wake. Ritifaa ya neno ng'ombe ni 39. Izimie biti ile bila kuangalia, utabaki na 7, ambayo katika ASCII ni amri ya kupiga kengele! Lakini fundi hukagua kwanza kama alichoshika kiko kati ya a na z, ndipo aguse, na kosa la mzembe haliwi dosari ya chombo. Hoja nzito zaidi ni ya lugha nyingine: ß ya Kijerumani huweza kukuzwa ikawa SS, na i ya Kituruki hubaki na nukta yake hata ikiwa kubwa. Hapo biti moja haitoshi, na anayeilazimisha anawakosea watu lugha yao. Hata hivyo UTF-8, msimbo unaotumika leo kwa lugha zote, imezihifadhi alama 128 za ASCII kama zilivyokuwa, majina ya tovuti bado hulinganishwa bila kujali ukubwa wa herufi hizo, na Kiswahili sanifu chote huandikwa kwa herufi zizo hizo. Na anayedai kwamba mashine za sasa zina kasi, hivyo mbinu hii haihitajiki, anajibu swali la kasi. Lililoulizwa ni la kuijua kazi yako. Wanaofundisha programu wamwonyeshe mwanafunzi 65 na 97 kwa sifuri na moja kwanza, jina la amri limfikie baadaye.